Foto na Amani: Mfano wa Mohamed Amin



Leo tuongee juu ya mtu wa Kenya, si komini yetu bali ile ya Nairobi. Mohamed Amin alizaliwa mwaka 1943. Hakuwa askari, lakini alifanya kazi katikati ya vita, kamera mkononi. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix huko Dar es Salaam. Mwaka 1964 alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka 1966 alifungwa huko huko.

Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na mwandishi Michael Buerk. Vita na ukame vilikuwa vimewafukuza watu wengi kwao, nao walikuwa wakifa kwa njaa. Televisheni ya Uingereza ilionyesha picha hizo tarehe 23 Oktoba. Dunia iliona, ikatoa msaada.

Mwaka 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai alikufa, na Amin alikatwa mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Aliaga dunia tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini, Visiwa vya Komoro. Mwanawe Salim ameendeleza kazi ya kuwafundisha vijana wa Afrika.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu leo vijana wengi wana telefone yenye kamera. Wazee wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga. Maneno ya chuki yaligawanya majirani, na jamaa za Kasai zikalala stesheni ya Likasi zikingoja treni. Wakati ule uongo ulitembea kwa mdomo. Leo foto ya maiti wa nchi ingine inatumwa, mtu anaandika chini yake, "Kabila fulani limetuua," na kufika jioni mawe yanarushwa.

Basi, kabla ya kutuma foto, ujiulize: Nani aliipiga? Wapi? Siku gani? Kama hujui, usiitume. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu anayechochea chuki ya kabila, na kusema "mimi nilipeleka tu" hakutoshi kujitetea.

Wewe mama mkimbizi, mtu akija na kamera, una haki ya kumwuliza foto inakwenda wapi. Una haki ya kukataa, wewe na watoto wako. Kukataa kusikunyime unga wala hema.

Wewe shefu, foto ya aibu ikiletwa kwako, usiite vijana. Ita kwanza wazee wa pande zote mbili, muitazame pamoja.

Foto za Korem ziliokoa watu kwa sababu zilikuwa za kweli. Tuwafundishe watoto wetu hivyo.