Tukitoa Kabini ya Pikapu Kuukuu, Mtu Asiumie

(Hotuba kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeiandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tutazungumza juu ya ile pikapu iliyosimama nyuma ya ghala. Mnaijua. Ni Toyota Hilux ya zamani, ilinunuliwa kwa hisa za wanachama. Imebeba maziwa, imebeba mbolea, imebeba mama mjamzito usiku wa mvua. Injini bado inanguruma, lakini sakafu ya kabini imeoza mpaka dereva anaona barabara chini ya miguu yake. Vijana wanasema, "Tutoe kabini tuitengeneze upya." Wazee wanauliza, "Na itarudi kweli?"

Wote wana haki. Kazi hii inawezekana hata kijijini pasipo na kreni. Lakini kabini inaweza kumponda mtu, na mali ya kikundi inaweza kuishia kuwa nyumba ya kuku. Kwa hiyo shikeni neno moja tu kutoka kwetu leo: kabini haitoki kwa nguvu, inatoka kwa hesabu. Ukihesabu kila kinachoifunga na ukakifungua, itainuka. Ukisahau kimoja, hapo ndipo watu wanapoanza kuvuta, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwanza, je, kabini ya gari lenu hutoka?

Hilux, ambayo ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968, imejengwa juu ya chesisi, yaani reli mbili ndefu za chuma zinazobeba injini, giaboksi na ekseli. Kabini ni kitu kimoja, bodi ya mizigo nyuma ni kitu kingine. Kila kimoja kimekalishwa juu ya chesisi kwa bolti, na katikati pana mipira. Land Rover za zamani, zile za Series zilizoanza mwaka 1948, nazo zina chesisi, ila bodi yake ni vipande vingi vya alumini na hufunguliwa kipande kwa kipande. Lakini gari la saloon kama Peugeot 504 halina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa yake. Basi kabla ya kushika spana, inama uangalie chini. Ukiona kabini na reli vimechomelewa pamoja, wacha, tafuta ushauri wa fundi.

Halafu pimeni chesisi. Gongeni kwa nyundo ndogo kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kufifia, au nyundo inazama. Kama chesisi yenyewe imekwisha, msitumie pesa za wanachama kwa kabini. Na kama kilichooza ni kipande kidogo tu cha sakafu, fundi anaweza kukikata na kuchomelea bati jipya kabini ikiwa pale pale. Kutoa kabini ni kwa kazi kubwa: mahali inapokalia pameoza, au chesisi yote inahitaji kusafishwa na kupakwa rangi.

Kutayarisha mahali

Tafuteni mahali tambarare na pagumu. Udongo uliolowa humeza jeki bila kukuambia. Wekeni kabari mbele na nyuma ya matairi. Watoto wakae mbali, na si watoto wa jirani tu, hata wa fundi.

Ondoeni betri, mkianza na waya wa hasi. Ukianza na ule wa chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Kisha mafuta. Toeni petroli mkiwa nje penye hewa, iwekeni kwenye mtungi unaofungika, mbali na jiko na sigara. Wenye Land Rover za Series kumbukeni kwamba tanki huwa chini ya kiti cha mbele. Na msidanganyike na tanki tupu. Tanki lililobaki na mvuke wa petroli hulipuka vibaya. Kabla ya kuchomelea chochote, liondolewe kabisa na lipelekwe mbali.

Chagueni mtu mmoja wa daftari. Kila bolti inayotoka inaingia kwenye mkebe wenye jina. Kila waya unaotolewa unafungwa utepe wenye namba, na namba hiyo inaandikwa. Siku hizi simu nyingi zina kamera, kwa hiyo pigeni picha kabla ya kufungua. Miezi mitatu ikipita hakuna atakayekumbuka, hata yule anayeapa kwamba atakumbuka.

Hesabu ya vifungo

Orodha hii ni ya pikapu kama Hilux. Inakilini na mweke alama kila kimoja kinapofunguka.

1. Bodi ya mizigo. Itoeni kwanza. Mtaona nyuma ya kabini vizuri, na kama mtakavyosikia baadaye, chesisi haitapita bila hivyo.

2. Boneti, mudigadi za mbele na redieta. Injini iwe imepoa kabla ya kufungua maji. Mipira ya maji inayoingia kwenye kabini, kama ipo, itoke pia.

3. Nyaya za umeme. Msisahau ule waya wa ati unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kabini. Ni mfupi, umejaa grisi, na huwa unajificha.

4. Usukani. Pigeni alama ya rangi kwenye kiungo chake kabla ya kukitenganisha, ili kirudi vile vile. Fungeni gurudumu la usukani kwa kamba lisizunguke.

5. Paipu za breki na klachi. Zibeni ncha ili uchafu usiingie. Mafuta ya breki hula rangi na huumiza macho. Yakimwagika, osheni kwa maji mara moja.

6. Kebo za akseleta, choki, spidomita na breki ya mkono.

7. Kijiti cha gia. Kinapita katikati ya sakafu, kwa hiyo lazima kitoke. Zibeni tundu kwa kitambaa safi. Nati ikiingia kwenye giaboksi mtaingia gharama nyingine.

8. Viti, na kila kitu kizito kinachoweza kutoka.

9. Bolti za kabini zenyewe. Hizi ni za mwisho. Idadi hutofautiana, kwa hiyo hesabuni zote na muiandike namba.

Bolti hizi zimekaa miaka mingi. Zipakeni mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa kabla, asubuhi na jioni. Ikibidi kukata kwa gurudumu la umeme, fundi avae miwani, mazulia yatoke ndani, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Msitumie moto wa gesi. Mpira na mafuta ya zamani huwaka haraka. Zikilegea, acheni moja kila pembe mpaka siku ya kuinua.

Neno juu ya milango. Wengine huitoa ili kupunguza uzito, na ni sawa. Lakini kama kizingiti chini ya mlango kimeoza, kabini inaweza kujikunja inapoinuliwa, na mlango hautafunga tena. Chomeleeni kwanza chuma cha kukaza kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine. Kitakatwa kazi ikiisha.

Siku ya kuinua

Kabini yenye vioo na dashibodi inaweza kupita kilo 200. Vijana wanane wenye nguvu wanaweza kusema, "Hiyo tunabeba." Labda wataiinua. Lakini mmoja akiteleza, uzito wake unaenda kwa wenzake kwa ghafla. Tawi la mwembe nalo si winchi. Linabeba, linabeba, halafu linavunjika bila ilani.

Kama hamna winchi ya mnyororo na fremu ya chuma, tumieni njia hii ya polepole. Pitisheni boriti mbili ngumu chini ya kabini, moja mbele na moja nyuma, zikivuka upande hadi upande, karibu na mahali kabini inapokalia. Boriti ziwe ndefu kupita upana wa matairi. Kila ncha ikae juu ya mnara wa mbao nene zilizopangwa kwa kupishana, mbili hivi na mbili hivi. Msitumie matofali wala bloku za saruji. Hizo hupasuka kwa ghafla.

Sasa toeni zile bolti za pembe. Inueni upande mmoja kwa jeki, kiasi cha upana wa kidole. Ongezeni mbao. Nendeni upande wa pili. Zungukeni mkiangalia. Rudieni. Jeki ni ya kuinua tu. Mbao ndizo zinazobeba.

Na ikikataa kupanda? Hapa ndipo tunaomba msikie vizuri. Ikikataa, msiongeze nguvu. Msimwite kijana mwingine. Rudini kwenye daftari. Mara nyingi ni ule waya wa ati, au kebo ya breki ya mkono, au bolti moja ambayo kila mtu alidhani mwenzake ameitoa.

Sauti iwe moja. Mtu mmoja tu anasema "inua" au "shusha". Lakini neno "simama" ni la wote. Hata mtoto anayetazama kwa mbali akisema "simama", kila mkono unasimama. Na hakuna mtu anayeingia chini, wala mkono wake. Spana ikianguka chini ya kabini, ikae huko mpaka kazi iishe. Spana hununuliwa.

Endeleeni mpaka boriti ziwe juu kuliko matairi ya nyuma na ule mgongo wa chesisi unaopanda juu ya ekseli. Hapo ondoeni kabari na msukume chesisi kwenda mbele taratibu, wasukumaji wakiwa nyuma yake, nje ya kabini. Kabini inabaki palepale, gari ndilo linaloondoka. Kisha shusheni kabini kidogo kidogo, vile vile mlivyopanda, mpaka ikae juu ya magogo mafupi. Msiiache juu usiku.

Baadaye

Mnapokwangua kutu, vaeni miwani na mfunike pua. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu, kwa hiyo msilipulize. Lifuteni kwa kitambaa kilicholowa. Mipira ya kukalishia kabini iwe ya unene uleule pande zote, la sivyo itakaa upande na usukani utalalamika.

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma msiisage wala kuizika chini ya rangi nzito. Bila namba hiyo, logbuku yenu ni karatasi tu. Mkibadilisha rangi ya gari au injini, wajulisheni NTSA.

Kabini ikirudi, msikimbilie kubeba watu. Toeni hewa kwenye breki, jaribuni gari likiwa tupu, polepole, mahali pasipo na watu. Maziwa baadaye, na abiria mwisho kabisa.

Tumalizie na pesa. Pikapu nyingi haziharibiki wakati wa kufunguliwa. Zinaharibika wakati wa kungoja. Kabini imetoka, hazina imekwisha, mvua imenyesha, mikebe ya bolti imechukuliwa kupandia maua. Kwa hiyo bati, mipira, rangi na malipo ya fundi vipatikane kwanza, viandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, ndipo bolti ya kwanza ifunguliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Lakini pia usibomoe ukuta kabla hujaleta mawe.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, chesisi ya gari letu imepimwa? Na nani?
2. Nani atashika daftari, na nani atakuwa sauti moja siku ya kuinua?
3. Mtu akiumia, gari gani litampeleka hospitali, ikiwa letu ndilo limefunguliwa?
4. Tuna pesa za kumaliza, au tuna pesa za kuanza tu?

Swali la tatu msiliruke. Lijibuni kabla hamjatafuta boriti.