Tembo Halikutiwa Maji

Msanii tumpendaye akitoa albamu isiyotufurahisha, twasema upesi: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwaka 1977 Marvin Gaye wa Marekani aliwachezesha watu kwa "Got to Give It Up". Mwishoni mwa 1978 akatoa "Here, My Dear", santuri mbili kuhusu talaka yake. Sehemu ya mapato ilitengwa kumlipa mtalaka wake, Anna Gordy. Wapenzi wake walitaka dansi, wakapewa kesi ya ndoa. Albamu ikadoda. Leo wachambuzi wengi wanaihesabu miongoni mwa kazi zake bora. Tembo lile halikutiwa maji. Lilikuwa kali kwa koo zilizozoea utamu.

Basi kabla hujalaani, jiulize: msanii amelegea, au wewe ulitaka akuimbie ya mwaka jana?