MKONO UNAOFIKA MBALI: KUISIMAMIA SEVA BILA KUWA MBELE YAKE

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Nkuhungu, Dodoma



Mada hii tumeiandaa kwa sababu kamati nyingi siku hizi zinaombwa kuidhinisha ununuzi wa seva kwa ajili ya zahanati na shule, au zinapokea seva iliyokwisha kutumika kutoka kwa marafiki wa nje. Bei ya mashine hujadiliwa kwa kirefu. Lakini swali la nani ataiwasha ikizimika usiku, na ufunguo wa kazi hiyo unakaa kwa nani, huachwa kwa fundi peke yake. Tunaomba leo tulijadili pamoja.

Kama mnavyofahamu, seva ikikwama, programu za kawaida za kuifikia kwa mbali nazo hukwama, kwa kuwa zinategemea mfumo endeshi ulio ndani yake uwe hai. Hapo fundi hana budi kusafiri. Kutoka hapa hadi Mpwapwa ni zaidi ya kilomita 100. Kuna nauli, kuna posho, na wakati huo wote muuguzi anaandika wagonjwa kwenye karatasi bila kuona kumbukumbu zao za nyuma. Mara nyingi kazi yenyewe ikifika ni kubonyeza kitufe kimoja tu.

Watengenezaji wa seva waliliona tatizo hili zamani. Ndani ya seva nyingi za kazi kuna kompyuta nyingine ndogo sana, iliyopachikwa kwenye ubao mama, ambayo kwa kifupi huitwa BMC. Hii hubaki macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa na umeme upo. Kwa kupitia hiyo, fundi aliyeko Nkuhungu anaweza kuwasha na kuzima seva iliyoko kwingine, kusoma joto lake na mwendo wa feni zake (jambo muhimu kwa vumbi na jua la kwetu), na kuchagua iamke kwa kutumia diski yake au kwa kupitia mtandao. Ndiyo sababu tunauita mkono unaofika mbali.

Hata hivyo mkono huu una mipaka. Umeme ukikatika kabisa na UPS ikaisha, nao hulala. Umeme ukirudi, seva hufanya kile ilichoelekezwa mapema: kubaki imezimwa, kurudi katika hali iliyokuwa nayo, au kuwaka kila mara. Kwa zahanati tunashauri hali ya pili. Ulizeni kama mpangilio huo umewekwa. Haugharimu hata shilingi moja.

Sasa tuje kwenye draiva. Neno hili lisituchanganye na dereva wa gari, ingawa kazi zao zinafanana kidogo. Draiva ni kipande cha programu kinachojua lugha ya kifaa fulani na kukifikishia amri. BMC zina lugha mbili kubwa. Ya kwanza ni IPMI, iliyotolewa mwaka 1998 na kampuni za Intel, Hewlett-Packard, NEC na Dell. Toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2004. Ya pili ni Redfish, iliyotolewa mwaka 2015, ambayo huzungumza kwa njia ileile iliyofungwa kwa siri inayotumiwa na tovuti za benki. Waasisi wa IPMI wenyewe wameshatangaza kwamba hawataiendeleza, na wanawashauri watu wahamie Redfish. Lakini seva nyingi za zamani tunazopewa zinajua IPMI tu.

Mwenye seva moja au mbili anatosheka na programu ya bure iitwayo ipmitool. Mwenye nyingi anaweza kutumia Ironic, nayo ni ya bure, ambayo ni sehemu ya mradi wa OpenStack unaotumika duniani kote. Kazi ya Ironic ni kusimamia seva za chuma tupu, yaani mashine halisi. Hatua zake kwa ufupi ni hizi:

1. Katika faili la mipangilio ya Ironic, fundi huorodhesha aina za draiva zinazoruhusiwa, yaani ipmi, redfish au zote mbili, kisha huiwasha huduma hiyo upya.

2. Huandikisha kila seva na kutaja draiva yake, anwani ya BMC, jina la mtumiaji na neno la siri. Kwa Redfish huongeza njia inayoitambulisha mashine hiyo, na huacha ukaguzi wa cheti cha usalama ukiwa umewashwa.

3. Huiamuru Ironic ihakiki maelezo hayo na kujaribu kuifikia BMC. Ikifaulu, seva huhesabiwa kuwa inaweza kusimamiwa. Isipofaulu, kwa kawaida kosa liko kwenye anwani, neno la siri au waya.

4. Mwisho huamua seva iingie kazini kwa njia ipi.

Ndugu wajumbe, hatua hii ya nne ndiyo iliyotufanya tuwaite. Ironic ilitengenezwa kwa ajili ya mashine zinazopokewa zikiwa tupu. Ukitumia amri ya kawaida ya kuiweka seva tayari, iitwayo provide, Ironic kwa mpangilio wake wa awali huisafisha kwanza, na kusafisha maana yake ni kufuta diski. Kwa mashine mpya hilo ni jema. Kwa mashine ambayo tayari ina kumbukumbu za wagonjwa wa miaka mitano, hilo ni janga, na litatokea bila mtu kuingia chumbani wala kuvunja kufuli. Seva iliyo kazini huingizwa kwa amri nyingine, adopt, ambayo huipokea kama ilivyo. Kwa hiyo kabla ya fundi kuigusa seva iliyo kazini, kamati iulize mambo mawili: nakala ya kumbukumbu iko wapi, na je, imewahi kujaribiwa kurudishwa?

Jambo la pili ni usalama. Katika IPMI 2.0 kuna udhaifu uliotangazwa hadharani mwaka 2013. Mtu anapobisha hodi, BMC humpa alama iliyotokana na neno la siri kabla yeye hajathibitisha kuwa ni nani. Anaweza kuondoka na alama hiyo na kukisia neno la siri kwa nafasi yake. Udhaifu huu umo katika kanuni za lugha yenyewe, hivyo hauponi kwa kubadili kampuni. Dawa ni mbili: neno la siri refu lisilokisika, na kuiweka BMC kwenye mtandao wake wa pembeni usiofikika kutoka intaneti. Lango la IPMI, namba 623, lisifunguliwe kamwe kwa dunia nzima.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa aliyetueleza ugonjwa wake ametuamini sisi, hakuiamini mashine.

Kwa wafadhili wetu tunao ujumbe mahususi. Mnapotupatia seva iliyotumika, tafadhali ifuteni BMC irudi katika mipangilio ya kiwandani, ili maneno ya siri ya mwenye nayo wa kwanza yasisafiri nayo. Aidha, tuambieni kama leseni ya kuona skrini kwa mbali imo, maana katika baadhi ya mashine huduma hiyo hulipiwa pembeni. Na msipunguze UPS kwenye bajeti.

Kwa kamati za parokia, tunapendekeza mambo haya yaingie kwenye muhtasari wa kikao kijacho. Neno la siri la BMC liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, na likae kwenye sefu ya parokia. Bahasha ifunguliwe mbele ya watu wawili, kama tunavyofanya na watia saini wa hundi. Fundi akiondoka kazini, neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo, kwa wema wote na bila kumshuku mtu.

Hatuwaombi mjifunze kazi ya fundi. Tunawaomba muujue ufunguo mlio nao. Tayari mnajua nani ana ufunguo wa ghala na nani ana ufunguo wa kabati la dawa. Seva nayo iingizwe katika orodha hiyo.