Mwenye Forodha Akiwa Pia Mwenye Duka

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, ukumbi wa chakula wa shule, Bagamoyo.)



Nimeombwa niseme juu ya teknolojia. Nadhani Katibu alitaraji niwasifu vijana kwa kuijua simu kuliko wazee wao, kisha niketi. Kusifu nawasifu. Lakini nimekuja na jambo linaloniuma, na kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, niliyezoea kuyafungia yanayoniuma katika majalada, mtanivumilia nikilisema vibaya.

Hapo bandarini limesimama jengo la forodha la Wajerumani. Sisi tulipokuwa kidato cha pili tulitoroka Jumamosi kwenda kula pweza karibu nalo. (Mwalimu wa zamu wa siku zile yuko hapa na ananitazama, naomba msamaha wake.) Tulilipita jengo lile mara nyingi bila kuuliza forodha ni kitu gani hasa. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa, alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani hii pamoja na ushuru wa bandari zake. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Aliyekabidhiwa hakuwa Serikali ya Ujerumani. Ilikuwa kampuni, yenye wanahisa wake na biashara yake, iliyokaa mlangoni kuwatoza wafanyabiashara wenziwe.

Agosti mwaka ule ule maofisa wa kampuni walipokuja kushika bandari, watu wa Pangani wakainuka pamoja na Bushiri bin Salim, Saadani wakawa na Bwana Heri, na Septemba vita vikafika hapa Bagamoyo. Sisemi vilikuwa vita vya ushuru peke yake. Kulikuwa na bendera, kulikuwa na dharau, na walikuwamo hata wenye biashara ya watumwa waliokuwa na yao ya kulinda. Kampuni ilishindwa, ikaita serikali yake, na Desemba 1889 Bushiri akanyongwa Pangani. Hata baada ya hapo kampuni iliachiwa haki ya kutoa sarafu, na sarafu yake moja ya shaba iliitwa pesa. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Sasa njooni katika zama zetu. Kijana wa shule hii akitunga programu ya simu leo, tuseme ya kuwauzia wavuvi wa Mlingotini barafu, kwa kawaida hupita katika maduka mawili, la Apple na la Google. Akiuza ndani ya programu yake kitu kisichoshikika, kama masomo au michezo, kiwango kilichozoeleka cha kukatwa kimekuwa hadi asilimia 30. Na wenye maduka hayo nao wana programu zao, zimepangwa rafu ya mbele. Ndiyo forodha na duka chini ya paa moja.

Agosti 2024 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba Google ilivunja sheria katika kulinda ukiritimba wake wa kutafuta habari kwenye intaneti. Katika kesi ile ilijulikana kwamba mwaka 2021 peke yake kampuni ililipa dola bilioni 26.3 ili mtambo wake uwe ndio wa kwanza kukutana na mtu afunguapo simu au kompyuta. Mimi nimeielewa kwa mfano wa stendi ya Makumbusho. Ni kama tajiri mmoja kuwalipa wapiga debe wote waite basi lake tu. Basi lako laweza kuwa jipya, lenye dereva mstaarabu na nauli nafuu. Abiria hatalisikia likitajwa. Hivyo ndivyo ubunifu unavyokufa: hakuna aliyeukataza, ila hakuna aliyeusikia.

Njia nyingine ni kumnunua mdogo kabla hajakua. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, na WhatsApp mwaka 2014 kwa zaidi ya bilioni 19. Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuyapinga hayo, na Novemba 2025 ikashindwa. Nasema hivyo ili msidhani kila shauri la namna hii lina jibu jepesi.

Lakini kwa nini twende Marekani? Tuna somo letu wenyewe, na ni zuri.

Mnajua kwamba M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaja kwetu 2008. Kule Kenya, Safaricom iliwafunga mawakala wake kwa mkataba: ukiwa wakala wake, usimhudumie mwingine. Mwenye kampuni ya pili, hata awe na ada ndogo, angempata wapi mtu wa kumtolea mteja wake fedha kijijini? Airtel ililalamika, na mwezi wa Julai 2014 ndipo mamlaka ya ushindani ya Kenya ilipoagiza mawakala wafunguliwe. Ilikuwa miaka saba imepita, na katika miaka saba mazoea ya watu yameshaota mizizi.

Kwetu, wakala wa pale Magomeni alikuwa na meza moja na mwavuli mmoja, na chini yake simu tatu au nne, kila moja na mtandao wake. Hatukuwa na sifa ya werevu kuwashinda Wakenya; makampuni yetu yalikuwa kadhaa na hakuna lililoweza kuwaamuru mawakala wote. Taabu yetu ilikuwa nyingine. Fedha za mtandao mmoja hazikuingia katika pochi ya mtandao mwingine. Ndiyo maana shangazi yangu wa Kaole alikuwa na laini tatu alizozifunga katika pindo la khanga, na kila mara alimwomba mtoto ambadilishie. Mwaka 2014 Tigo (ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Yas), Airtel na Zantel zikaanza kukubaliana fedha zipite baina yao, na mwanzoni mwa 2016 Vodacom, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikaingia. Baadaye Benki Kuu ikajenga njia yake ya malipo, TIPS, inayounganisha benki na mitandao. Hakuna kampuni iliyofilisika kwa kufungua mlango. Shangazi akabaki na laini moja, na khanga ikapumzika.

Makampuni makubwa hutuambia kwamba yakilazimishwa kufunguliana milango, ubunifu utakoma. Mimi nawajibu kwa laini za shangazi.

Sasa nifike kwenye linaloniuma.

Oktoba 2014 Facebook na Tigo walileta nchini huduma ya kuingia bure katika tovuti chache zilizochaguliwa, iliyokuja kuitwa Free Basics. India waliipiga marufuku bei za namna hiyo Februari 2016, wakisema mwenye njia asichague watu wapite wapi. Sisi tulishukuru, maana cha bure hakina dosari. Wengi walianza kuingia intaneti kwa mlango huo na wakadhani mlango ndio nyumba. Nami, msomi wa chuo kikuu, nilidhani hivyo hivyo.

Miaka michache baadaye niliandika dokezo katika ofisi niliyokuwamo. Nikapendekeza kwamba matangazo yetu yote yatolewe katika ukurasa wetu kwenye mtandao wa kijamii wa kampuni moja ya nje, kwa kuwa wananchi wote wako huko. Tovuti yetu ikaachwa isinzie, na mbao za matangazo za kata zikabaki na karatasi za mwaka juzi. Dokezo lilipitishwa, nikapongezwa. Kisha asubuhi moja tukakuta ukurasa umefungwa. Tuliandika, tukajibiwa na mashine. Tukaandika tena, mashine ile ile ikatushukuru kwa uvumilivu wetu. Siku kumi na moja hatukumpata binadamu hata mmoja wa kuzungumza naye, sisi, ofisi yenye mhuri. Ndani ya siku hizo ndimo ilimokuwa ratiba ya uhakiki wa madai ya ardhi.

Siku mbili baada ya zoezi kufungwa alifika mzee mmoja kutoka upande wa Saadani, kanzu safi, hati zake katika bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Nikamwamkia, nikamwambia muda umepita.

“Tangazo lilitolewa wapi?” akaniuliza.

“Kwenye mtandao, mzee.”

“Mtandao wa nani, mwanangu?”

Sikuwa na jibu. Shauri lake lilingoja miezi minane hadi awamu iliyofuata, na dokezo lile, ndugu zangu, lina sahihi yangu.

Sasa tumerudi nyuma kidogo, au mbele, mniamulie ninyi. Tangazo hutoka kwanza katika tovuti yetu, hubandikwa kwa mtendaji wa kata, husomwa redioni, na hayo makampuni yanapata nakala.

Vijana mnaosomea kompyuta, nchi ina Sheria ya Ushindani wa Haki ya 2003 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Someni hizo pamoja na programu zenu, maana mtakuja kukaa katika viti vyetu na mtaletewa madokezo.

Na sisi wazee tusicheke. Majina yetu sote, umoja huu mzima, yamo katika kundi moja la simu. Likifungwa usiku huu, kesho hatujui nani yuko Tanga na nani amefiwa. Kwa hiyo nimemwomba Katibu aweke daftari, lile la jalada gumu, pale mlangoni. Kila mmoja aandike jina, mwaka aliomaliza, namba na sanduku la posta kabla hajachukua sahani. Kalamu zipo mbili tu, pangeni mstari kama zamani.