Aliyetangulia Kupimwa



Mama mjamzito hupimwa virusi vya UKIMWI kliniki. Mumewe mara nyingi bado hajapimwa. Hivyo mke hutangulia kujua, na kwa kutangulia huko huitwa mleta ugonjwa, hupigwa, hufukuzwa. Wengine huficha dawa katika debe la unga, siku nyingine wasizimeze, virusi vikapata nguvu. Nasi viongozi wa jumuiya ndogondogo tumewarudisha wangapi kwa neno "vumilia"? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mwenzi yeyote haki ya kumpiga mwenzake. Akibisha hodi usiku, tusimwulize alikosa nini. Tumfungulie, kisha tumwulize kama amebeba dawa zake.