Kuchapa Picha Zako Mwenyewe na Kuziuza

Leo twazungumza na wachoraji.

Wewe unayepaka picha kwa rangi juu ya ubao waijua taabu hii. Umefanya kazi siku nne, mgeni mmoja ameinunua picha, amekwenda zake nayo. Kesho yake mgeni wa pili aitaka ile ile. Huna. Yakubidi uanze tena tangu mwanzo, na mara nyingi picha ya pili huchorwa kwa haraka, haina uhai wa ile ya kwanza. Tena wageni wanaofika Butiama kulizuru kaburi la Mwalimu na makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka 1999, wengi wao wana safari ndefu mbele yao. Ubao mkubwa watauweka wapi? Lakini karatasi huviringishwa ikaingia mkobani.

Dawa ya taabu hiyo ni kuchapa. Wachonga picha yako katika kipande cha ubao, wapaka wino, walaza karatasi juu yake, wasugua, kisha waibandua. Kazi hii si ngeni nchini mwetu. Katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, wasanii kama Robino Ntila walijulikana kwa picha za kuchapa.

Tafuta ubao laini usio na mafundo, uliopigwa randa vizuri. Ukikosa, jaribu kipande cha mpira wa soli kwa fundi viatu, kile kilicho sawasawa juu. Patasi ziwe ndogo na kali. Patasi butu huteleza ikakata kidole. Wino uwe ule mzito wa matbaa, kwa maana rangi ya maji hukauka ubaoni kabla hujalaza karatasi. Mashine ya kugandamiza si lazima. Mgongo wa kijiko cha mti watosha, ukisugua polepole kutoka katikati kwenda pembeni.

Kumbuka mambo mawili. Pale unapochonga patabaki peupe. Pale unapoacha ndipo patakaposhika wino. Na la pili, picha hutoka imegeuka, kulia kuwa kushoto. Mtumbwi uliochongwa ukielekea kulia utaelekea kushoto kwenye karatasi, wala hakuna ubaya. Ubaya ni maandishi. Ukichonga neno MUSOMA kama unavyoliandika daftarini, karatasi itasoma AMOSUM, na hiyo S itakuwa imetazama nyuma. Andika kwanza kwenye karatasi nyembamba, igeuze, ndipo ufuatishe mistari inayoonekana kwa nyuma.

Wino wa mafuta huchukua siku kadhaa kukauka. Wewe unayekaa karibu na ziwa usianike picha nje, hasa siku zile wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda hewani kama moshi. Watanasa kwenye wino, na hakuna mnunuzi atakayeamini kuwa uliwachora kwa makusudi. Zitundike ndani, kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo.

Sasa tufike penye biashara yenyewe. Ubao mmoja waweza kutoa picha nyingi sana. Basi mnunuzi hujiuliza: hii ninayoilipia leo, je, mwezi ujao itauzwa sokoni Bunda kama karanga? Swali lake ni la haki. Kwa hiyo wachapaji wana desturi yao. Kabla ya kuanza, kata shauri utachapa ngapi, tuseme 30. Kila moja iandike kwa penseli chini ya picha: upande mmoja 1/30, nyingine 2/30, mpaka 30/30, katikati jina la picha, upande wa pili sahihi yako. Zilizoharibika zichane. Ikiisha ya thelathini, chukua patasi uukate ubao wako mistari miwili ya kupingana, kusudi usichape tena.

Najua hapo wengine mmeguna. Kuharibu ubao uliouchonga wiki nzima! Lakini mtu amelipa kwa sababu uliandika 30. Ukichapa ya 31 kwa siri, umemwibia kila mmoja wa wale 30, na siku ikijulikana hata picha zako zijazo zitashuka bei. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafa mwaka 1972. Baada yake zilitokea picha zenye jina lake ambazo hakuzigusa, na wanunuzi hata leo huona mashaka. Mwenzetu huyo hakuwa na kosa, alikwisha kufa. Wewe uko hai, waweza kulinda jina lako. Weka daftari: namba ya picha, tarehe, aliyenunua, bei.

Siku hizi zipo pia mashine za kupiga picha mchoro wako na kuutoa kwenye karatasi mara moja. Si haramu. Ila mwambie mnunuzi wazi kwamba hiyo ni nakala ya mashine, na bei iwe ndogo.

Tuseme ubao, wino na karatasi vimekula shilingi 90,000, ukapata picha 30 safi. Kila moja imekula 3,000. Umefanya kazi siku sita. Ukijihesabia 20,000 kwa siku, ni 4,000 nyingine kwa kila picha. Basi imefika 7,000 kabla ya nauli. Mwenye duka akiiuza 15,000 na kuchukua theluthi, wewe wapata 10,000. Kinachobaki ni 3,000 tu, na nauli imo humo. Wengi husahau kuhesabu siku zao, wakadhani wana faida. Na ukimwachia mwenye duka picha kwa mali kauli, aandike amepokea namba zipi, na siku gani mtahesabiana.

Jambo moja bado. Mwenye hoteli akinunua picha yako, amenunua karatasi. Hakununua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana na kalenda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mchoraji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa. Akiitaka ruhusa hiyo, mwandikiane, na alipe mbali. Nawe vivyo hivyo usichonge sura ya Mwalimu kwa kufuatisha picha ya gazetini, kwa kuwa aliyeipiga naye ana haki yake. Nenda ukatazame kwa macho yako: mawe makubwa ya Musoma yaliyopandana, taa za wavuvi wa dagaa usiku, ng'ombe wakishuka kunywa maji.

Kabla ya somo lijalo, chonga kitu kidogo kisichozidi kiganja cha mkono. Chapa karatasi tano, uzipange mezani, utazame ni ipi iliyopata wino mwingi mno na ipi mchache. Uje nazo darasani. Kwa herini.