Anayebeba Wengine, Yeye Abebwe na Nani?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri, katika kumi la kwanza la Ramadhan. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa.)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma mkiangalia saa, najua futari haiko mbali. Sitawaweka sana. Nimeombwa nizungumze juu ya ushauri nasaha. Mtu akisikia neno hili, mara moja humfikiria kijana aliyeingia kwenye unga, au mume na mke waliofikishana kwa kadhi. Leo nataka tumzungumzie mtu mwingine kabisa, yule ambaye kila anayemuona husema mashallah.

Mwamjua. Ni mtoto wa kwanza, kasoma, kapata kazi nzuri. Karo ya wadogo zake ni yeye. Dawa za sukari za bi mkubwa ni yeye. Kamati ya futari msikitini, mweka hazina ni yeye. Kazini likitokea jambo gumu hupewa yeye, kwa sababu hakatai. Mpigie saa nne ya usiku, atapokea. Na mtu huyu huyu, ukipata bahati akakufungulia moyo, atakwambia maneno ya kushangaza. Kwamba kila asubuhi akiingia kazini huhisi leo ndiyo siku watakayogundua kuwa hajui lolote. Kwamba cheo alichonacho ni bahati tu, kawahadaa watu. Na kwamba amechoka uchovu ambao usingizi hauutoi.

Katika kazi yangu ya ushauri nimewasikia wengi wa namna hii, wanaume kwa wanawake. Msidhani ni deko. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliofaulu sana katika masomo na kazi, lakini ndani ya nafsi zao wakijiona matapeli wanaongoja kufichuliwa. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1974, daktari Herbert Freudenberger alieleza hali ya kuishiwa kabisa na nguvu aliyoiona New York. Aliiona kwa nani? Kwa watu waliokuwa wakijitolea katika zahanati ya bure! Watu wa kheri, kama nyinyi wa kamati. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hali hii si ugonjwa wenyewe, bali hutokana na mashaka ya kazi yaliyoachwa muda mrefu bila kushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: mtu huishiwa nguvu, huichukia au kujitenga na kazi yake, na huona hafanyi la maana.

Sasa sisi, mtu kama huyu akisema amechoka, twamjibu nini? “Wewe? Aah, wewe ni simba bwana!” Twadhani tumemsaidia. Kumbe tumemfungia mlango. Yeye anaogopa kwamba watu wamemuweka juu kuliko alivyo, nasi tumempandisha ngazi nyingine. Mwengine atamwambia ni hasadi, akasomewe, anywe kombe. Mwengine atamwambia imani yake ni dhaifu. Kisomo na dua zina nafasi yao, na mimi mwenyewe naamini hivyo. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha pia tutafute matibabu, na hili la kumhukumu mtu imani yake kwa sababu amechoka, mimi silikubali hata kidogo.

Hebu tuangalie lililotokea katika mwezi huu huu wa Ramadhan. Mtume (S.A.W.) aliteremshiwa wahyi wa kwanza katika pango la Hiraa, akarudi nyumbani moyo ukimdunda. Sisemi, naudhubillahi, kwamba hali yake ni kama hizi zetu. Lile lilikuwa jambo zito la utume. Nataka tumtazame mama yetu Khadija (R.A.) alifanya nini, kwa mpango gani. Mtume aliomba afunikwe, akafunikwa mpaka hofu ikapungua. Hakuulizwa maswali kwanza. Kisha akaeleza yaliyompata, na kwamba anajihofia nafsi yake. Khadija akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akamwambia Allah hatamdhalilisha kamwe, na akamtajia sababu: anaunga jamaa, anawabeba wasiojiweza, anampa asiye nacho, anakirimu wageni, anawasaidia waliofikwa na masaibu.

Hakumtajia ukoo wa Maquraishi wala sifa za jumla jumla. Alimtajia matendo aliyoyaona kwa macho yake, moja baada ya jingine, na mtu aliyejitilia shaka hawezi kuyakanusha. Bado hakuishia hapo. Alimchukua kwa binamu yake, Waraqa bin Nawfal, mzee aliyekwisha kuwa kipofu lakini mwenye elimu ya vitabu vya kale. Yaani mke mwenye mapenzi yote yale hakusema “mimi natosha”. Alijua kuna swali linalotaka mjuzi. Wale wanaoniuliza kama kwenda kwa mshauri ni mambo ya kizungu, hapo ndipo ninapowapeleka.

Na kama kuna anayeona haya husibu wajinga tu, basi namtaja Imam Abu Hamid Al-Ghazali. Mwaka 1091 aliteuliwa mwalimu mkuu wa Nidhamiyya, Baghdad, madrasa yenye jina kubwa mno zama zile. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake. Umri wake ulikuwa thalathini na kitu, nyinyi vijana mnisikie. Kwa nje hakupungukiwa na kitu. Kwa ndani alianza kuiuliza nia yake: hivi nafundisha kwa ajili ya Allah, au kwa ajili ya jina? Kuanzia Rajab mwaka 488 Hijria, yaani 1095, kwa muda wa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, leo aondoke, kesho abaki. Mwisho ulimi ukafunga. Alijaribu kufundisha japo siku moja awaridhishe wanafunzi wake, neno halikutoka. Chakula kikawa hakipiti kooni. Matabibu wakasema asili ya maradhi iko moyoni, na kwamba dawa haitafaa mpaka moyo upate raha na linaloutaabisha. Haya yote ameyaandika mwenyewe katika Al-Munqidh min al-Dhalal, wala hakuona aibu.

Nani hapa atasimama aseme Ghazali alikosa elimu, au imani? Alikiri, akasimamisha kazi, akagawa mali yake akibakisha ya kumtosha yeye na watoto wake, akaenda Sham. Alirudi kufundisha mwaka 1106, Naysabur, kwa nia tofauti na ile ya mwanzo. Sasa sikwambii umwachie bosi funguo kesho uende Dameski, mkopo wa nyumba utalipwa na nani? Lakini likizo yako ya mwaka, mbona huichukui?

Mwauliza, huko kwa mshauri kunafanywa nini. Ni mazungumzo ya kama saa moja, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Hatoi amri wala hukumu. Huenda akakuomba uandike kila unachokibeba, na mbele ya kila kitu jina la aliyekupa. Nakwambieni, watu hushtuka wakiona nusu ya mzigo hawakupewa na yeyote, waliuchukua wenyewe kwa kuogopa kusema hapana. Huenda akakutaka ulitazame lile wazo la “mimi ni tapeli” kama kadhi atazamavyo madai: ushahidi uko wapi? Kuna na watu wanaochanganya mambo, wakadhani kujidharau ndiyo tawadhui. Mwenye tawadhui hukiri kipawa alichopewa na Mola akashukuru. Anayejidharau hukikanusha.

Kuhusu siri, najua mji wetu, kila mtaa una mjomba wako. Siri ni sharti la kazi hii, na usiogope kumuuliza mshauri siku ya kwanza ataitunza vipi na mpaka wake uko wapi. Uliza pia kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, si kila mwenye kiti na meza ni mshauri. Na ikiwa huzuni imepita wiki mbili, usingizi au chakula kimekatika, au mtu anatamani kufa, hilo ni la daktari, hospitalini, siku hiyo hiyo. Asiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba.

Familia nazo, nawaomba jambo dogo. Leo usiku tazameni nani ndani ya nyumba anaamka kupika daku, analala wa mwisho, na nguo za Idd za watoto zinamngoja yeye. Mpeni siku tatu za kuamshwa kama wengine. Mkimuuliza hali yake akasema “alhamdulillah, sijambo”, kaeni kidogo, msiondoke haraka.

Naona wenye kaimati wameshaanza kupanga sahani. Baada ya tarawehe nitabaki chumba cha madrasa kwa anayetaka kuzungumza, na kwa kina mama yupo dada mwenzetu mshauri, mlango wa nyuma.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.